Ndoo zetu mbili, gari lenu moja

Waheshimiwa mnaosimamia mazingira, kilimo, nishati na fedha. Waheshimiwa mameya, madiwani na wakurugenzi wa miji. Waheshimiwa wabunge mnaotunga sheria: salaam na heshima.

Kwa miezi saba nyumba yetu ilikuwa na ndoo mbili jikoni. Moja ya maganda na mabaki ya chakula, ya pili ya kila kisichooza. Tulielekezwa hivyo katika mkutano wa mtaa, tukapewa karatasi yenye picha, tukaafiki. Watoto walishika haraka kuliko sisi wakubwa. Mdogo wa nyumba alijipa cheo cha ukaguzi: ukidondosha kipande cha nailoni kwenye ndoo ya maganda, anakitoa mbele yako bila kusema neno. Majirani waliokuwa wakisitasita walikuja kuuliza tunazuiaje harufu na nzi, tukawaonyesha jinsi ya kutandika karatasi chini na kufunika juu kwa majani makavu.

Asubuhi moja nilichelewa kutoka nikalikuta gari la taka likipakia. Kijana alibeba ndoo ya maganda akaimwaga, akabeba ndoo ya pili akaimwaga palepale, juu ya ile ya kwanza. Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole kwamba gari ni moja na jalala ni moja. Sikuwa na la kumlaumu. Alifanya kazi aliyopewa kwa chombo alichopewa. Habari ikaenea. Baada ya wiki mbili nusu ya mtaa ilikuwa imerudi kwenye ndoo moja.

Wiki zile mbili ndizo zilizonifanya niandike. Kila mkakati wa uchumi wa kijani niliousoma unahesabu tani, megawati na ajira. Sijasoma hata mmoja unaohesabu hasara ya kumfundisha mtu jambo jema kisha kumwonyesha kwamba hukulimaanisha.

Uchumi wa mzunguko wa kibayolojia, kwa jina mnalolitumia kwenye nyaraka, ni jambo ambalo wakulima wamelifanya tangu kale bila kulipa jina. Mabua hulisha mifugo, na samadi, au siku hizi tope linalobaki baada ya samadi kutoa gesi ya kupikia, hurudi kurutubisha shamba lililozaa mabua yale. Mji ndio uliokata duara hilo. Kila siku malori yanaingia mjini na chakula kilichobeba naitrojeni, fosforasi na potasiamu ya mashamba ya mbali, na hakuna lori linalozirudisha. Rutuba ya shamba inazikwa jalalani, halafu mkulima anatafuta fedha ya kununua nyingine kwenye mfuko.

Ukubwa wa jambo lenyewe mnaujua, lakini niruhusuni niuweke hapa ili wasomaji wengine nao waujue. Katika tathmini yake ya 2018, Benki ya Dunia ilikadiria kuwa miji ya dunia ilizalisha tani bilioni 2.01 za taka mwaka 2016, na kwamba asilimia 44 yake ilikuwa chakula na majani. Katika nchi za kipato cha chini sehemu hiyo inavuka nusu. Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa nao ulikadiria kuwa mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula, pamoja na sehemu zake zisizolika, zilitupwa madukani, mikahawani na majumbani, na majumbani ndiko zilikotoka asilimia 60. Basi kitu kizito kuliko vyote ndani ya magari yenu, kile mnachokichomea mafuta ya dizeli kukipeleka nje ya mji, kwa sehemu kubwa ni maji na rutuba.

Kikifika huko hakitulii. Kikifukiwa pasipo hewa, bakteria hukivunja na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 kuliko kiasi kilekile cha kaboni dioksidi. Lundo lenyewe nalo hulegea. Tarehe 21 Februari 2005, baada ya mvua kubwa, jalala la Leuwigajah nchini Indonesia liliporomoka usiku na kufukia makazi. Watu zaidi ya 140 walikufa. Mwezi Machi 2017 jalala la Koshe, Addis Ababa, liliua zaidi ya watu 100. Agosti 2024 ikawa zamu ya Kiteezi, Kampala. Waliofukiwa walikuwa majirani wa jalala, watu waliolazimika kuishi pale ambapo wengine walitupa. Ninapoandika neno "taka zinazooza" nawakumbuka wao kwanza, kabla ya hali ya hewa.

Sasa tazameni kitu hichohicho kikitunzwa. Lundo la mboji likipangwa vizuri, kaboni ikiwa mara 25 hadi 30 ya naitrojeni, unyevu kama wa sifongo iliyokamuliwa, hewa ikipita, hupanda joto lenyewe hadi nyuzi 55 za Selsiasi na zaidi. Joto hilo likidumu siku kadhaa huua vimelea na mbegu za magugu. Mabaki yakiingizwa kwenye mtambo wa bayogesi hutoa gesi ambayo kati ya nusu na asilimia 70 yake ni methani, ileile ya jalalani, ila sasa inawaka chini ya sufuria. Mabuu ya nzi askari mweusi huyamaliza mabaki kwa muda wa kama wiki 2, kisha yenyewe huwa chakula cha kuku na samaki chenye protini karibu asilimia 40. Nimeweka mkono wangu ndani ya lundo la mboji lililoiva na kuunusa udongo ule. Hauna harufu ya taka hata kidogo.

Nisikilizeni pia ninaposema mboji siyo mwujiza. Urea ina naitrojeni asilimia 46. Mboji nzuri kwa kawaida ina asilimia 1 hadi 2 tu. Mkulima anayehitaji naitrojeni ileile atabeba mzigo mkubwa mara nyingi zaidi. Thamani ya mboji iko kwenye udongo wenyewe: unashika maji, unapata viumbe wake, unashikilia hata ile mbolea ya mfuko isisombwe na mvua. Lakini kwa uzito ule haiwezi kusafiri mbali, na hapo ndipo mipango mingi inapokosea. Kiwanda kimoja kikubwa pembezoni mwa mji kinapendeza kwenye picha ya uzinduzi. Vituo vidogo kadhaa, kila kimoja karibu na wanaozalisha mabaki na wanaolima, havina picha nzuri, ila mboji yake inafika shambani.

Anayetilia shaka haja ya haya yote akumbuke mwaka 2022, bei za mbolea zilipopaa duniani baada ya vita vya Ukraine. Naitrojeni ya kiwandani kwa sehemu kubwa hutengenezwa kwa gesi asilia. Gesi ikipanda, nayo hupanda. Fosforasi haitengenezwi kabisa, huchimbwa tu, na karibu asilimia 70 ya akiba inayojulikana duniani iko Moroko na Sahara Magharibi. Taifa linalozika fosforasi yake jalalani kila siku linajiweka chini ya soko lisiloliamrisha.

Kwa kuwa mnaandika sera, nawasihi mlinde mpangilio. Chakula kinacholika kwanza kiliwe na watu. Ufaransa tangu 2016 imezuia maduka makubwa kuharibu chakula kisichouzika lakini bado kizima. Kisichofaa kwa watu kilishe wanyama, kwa masharti ya usalama. Kinachobaki kitoe gesi na mboji. Kuchoma kuwe mwisho kabisa. Mara nyingi sana nimeona mpangilio huu ukiandikwa ukurasa wa kwanza, na ukurasa wa kumi ukaja mradi wa tanuri la kuchomea taka. Mabaki ya jikoni kwa kawaida ni maji kwa zaidi ya theluthi mbili. Kuyachoma ni kutumia moto kuchemsha maji. Kibaya zaidi ni mikataba. Hudumu miaka 20 au zaidi, na mara nyingi inaudai mji kiasi maalumu cha taka kila mwaka au uulipie upungufu. Mji uliotia saini mkataba wa namna hiyo umejiahidi kwamba wananchi wake hawatapunguza taka. Msitie saini kwa niaba ya watoto ambao bado hawajajifunza kuhesabu.

Mji mdogo wa Capannori, Italia, ulikutana na tanuri kama hilo kwenye mipango katika miaka ya 1990. Mwalimu wa shule ya msingi, Rossano Ercolini, aliwaita watu wakae wazungumze: kama hatulitaki tanuri, tutazifanyia nini taka zetu? Swali hilo la pili ndilo lililoleta tofauti. Ukusanyaji wa nyumba kwa nyumba ulianza 2005 katika eneo dogo, wakazi wakishauriwa kwanza, na mwaka 2007 Capannori ukawa mji wa kwanza Ulaya kutangaza lengo la kutobakiza taka. Mwaka 2013 Ercolini alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Napenda habari hii kwa sababu wananchi walikaribishwa mezani wakiwa na hasira, na hasira yao haikuogopwa.

Msiseme ni mambo ya miji midogo. Milan, wenye watu zaidi ya milioni moja na majengo mengi ya ghorofa, ulianzisha ukusanyaji wa mabaki ya jikoni kati ya 2012 na 2014, robo ya mji baada ya robo, kila nyumba ikipewa kindoo chenye matundu ya kupitisha hewa. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula 2005, na tangu 2013 watu hulipia mabaki kulingana na kiasi wanachotupa. Katika maghorofa mengi kuna pipa linalopima uzito na kumtambua mwenye nyumba. Leo zaidi ya asilimia 90 ya mabaki hayo hutumika tena. Umoja wa Ulaya nao uliwataka wanachama wake wote wawe wametenga ukusanyaji wa taka zinazooza, au kuzigeuza mboji palepale zinapotoka, ifikapo mwisho wa 2023. Mbinu zinatofautiana. Kwa mbinu yoyote, gari lazima liwe tayari kabla mwananchi hajaambiwa atenganishe.

Upo na mfano wa kuogopesha, na ni lazima tuutazame sisi tunaopenda mboji. Aprili 2021 serikali ya Sri Lanka ilitangaza kusitisha uingizaji wa mbolea za viwandani na kuigeuza nchi nzima kuwa ya kilimo hai. Wakulima hawakuandaliwa, na mboji ya kutosha haikuwapo. Wakulima wakaandamana, na kufikia Novemba mwaka uleule marufuku ilianza kuondolewa, lakini mavuno ya mpunga ya msimu uliofuata yakaanguka. Amri ile ilichafua jina la jambo zuri kwa kizazi kizima cha wakulima. Walikuwapo watu waliojua kwamba mabadiliko ya udongo huchukua misimu mingi. Wangeulizwa wangesema.

Kwa hiyo neno "ushirikishwaji" nawaomba tulirudishie uzito wake. Kuitwa ukumbini kusikiliza uamuzi uliokwisha kuchapishwa ni kupewa taarifa. Tunataka kuitwa kabla ya zabuni, tukiwa na makadirio ya gharama mkononi, na tuwe na haki ya kupendekeza njia nyingine. Porto Alegre, Brazil, ulianza 1989 kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti ya mji. Haihitaji kuwa taifa tajiri kufanya hivyo. Katika ukumbi huo wawepo mama anayepika, mkulima atakayenunua mboji, na hasa watu wanaookota taka.

Hawa waokotaji nawaombea nafasi ya pekee. Wameifanya kazi ya uchumi wa mzunguko kabla neno lenyewe halijafika kwenye hotuba, bila glavu, bila bima, wakifukuzwa na walinzi. Mradi mpya ukija na magari mapya, wao ndio wa kwanza kufungiwa lango. Haipaswi kuwa hivyo. Huko Pune, India, ushirika wao uitwao SWaCH uliingia mkataba na manispaa mwaka 2008, wakawa wakusanyaji wanaotambuliwa. Huko Bogotá, Kolombia, baada ya Mahakama ya Katiba kuwatetea, tangu 2013 waokotaji hulipwa na umma kwa kila kilo wanayookoa. Mtu anayeingia nyumba 200 kwa siku anajua nani anatenganisha na nani hatenganishi, na kwa nini. Hakuna mshauri mwelekezi atakayewauzia maarifa hayo.

Nikifika kwenye soko la mboji nitakaa kidogo, maana hapa ndipo vituo vingi hufa. Wananchi wanatenganisha, kituo kinafanya kazi, mboji inaiva, kisha inalala kwenye magunia hadi inyeshewe. Katika nchi nyingi serikali hutoa ruzuku kwa mbolea ya kiwandani na kusamehe kodi uingizaji wake, huku mwenye mboji akijilipia usafiri, kibali na upimaji wa maabara. Kisha tunaambiwa mboji haina ushindani. Nawaomba mfanye mambo mawili kwa fedha ambazo tayari mnazo. Kwanza, ruzuku mnayotoa impe mkulima hiari ya kuchukua sehemu yake kwa mboji iliyopimwa. Pili, nyinyi wenyewe nunueni: bustani za umma, miti ya barabarani, viwanja vya shule, kingo za barabara mpya zinazomomonyoka. California imeifanya hii kuwa sheria. Tangu 2022 kila mji hutakiwa kununua mboji au bidhaa nyingine za mabaki kwa kiwango kinachotokana na idadi ya wakazi wake. Kituo chenye mnunuzi wa uhakika kinaweza kukopeshwa na benki. Kisicho naye kinaishi kwa misaada, na misaada hukatika.

Mnunuzi naye anastahili kulindwa. Mkulima akikuta vipande vya plastiki na vigae kwenye gunia mara moja, hatarudi. Weka kipimo cha taifa, pima, chapisha matokeo. Zuieni pia udanganyifu wa vifungashio vinavyoandikwa "huoza": aina nyingi za plastiki inayotokana na mimea, ikiwemo ile iitwayo PLA, huvunjika tu kwenye joto la kituo cha kitaalamu, karibu nyuzi 58. Shimoni nyuma ya nyumba hubaki ilivyo. Neno hilo lisiruhusiwe bila kusema huozea wapi na kwa muda gani.

Halafu kuna jambo ambalo ofisi moja haiwezi kuliona peke yake. Mwaka 2008 huko Uingereza wakulima wa bustani walishangaa nyanya zao zikijikunja na kufa baada ya kuwekewa samadi. Chanzo kilikuwa aminopyralid, kiuagugu kilichopulizwa malishoni, kikapita ndani ya mnyama, kikabaki hai kwenye samadi. Uuzaji wake ulisitishwa kwa muda. Idara iliyosajili kiuagugu na idara inayohimiza mboji zinaweza kuwa jengo moja na zisikutane. Uchumi huu umegawanywa vipande kati ya mazingira, kilimo, nishati, afya na serikali za mitaa, na taka za jikoni hazina waziri. Mpeni mtu mmoja dhamana yake, awe na fungu la bajeti, na aulizwe bungeni.

Kuhusu shule sina mengi: watoto wako tayari, tatizo lipo kwa wakubwa.

Ombi langu la mwisho ndilo dogo kuliko yote, na linaweza kuanza mwezi huu. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mwezi, kila mtaa unaotenganisha upewe hesabu yake: tulikusanya kilo kadhaa za mabaki, kilo kadhaa zilikuwa na uchafu, zikawa mboji kilo kadhaa, ikanunuliwa na fulani au haikununuliwa. Ibandikwe pale wananchi wanapopita, itumwe kwa simu, na mwezi ambao gari liliharibika na taka zikachanganywa, iandikwe hivyo. Tutavumilia gari bovu. Kuambiwa uongo ndiko kunakorudisha watu kwenye ndoo moja.

Ndoo zetu mbili bado zipo jikoni. Mabaki yetu tunayafukia shimoni nyuma ya nyumba sisi na familia nne zilizobaki, na mdogo wa nyumba anaendelea na ukaguzi wake. Siku mtakayoleta gari lenye sehemu mbili, nijulisheni wiki moja kabla. Nitagonga kila mlango uliokata tamaa, nikianza na wa jirani aliyeacha wa kwanza, na nitataka kuwa na jibu atakaponiuliza safari hii zinapelekwa wapi.

Wenu katika kazi hii,
Mwananchi mwenye ndoo mbili